Kidonge kimoja cha mahindi chumbani

Msimu wa mavuno ukifika huku Dodoma, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mtaalamu, dawa hii ni kali?" Mimi ni mkemia, na kabla ya kujibu nami huuliza: utaiweka wapi, kiasi gani, na nani analala hapo?

Wengi wetu tunapima ukali kwa pua. Jiki ikiwasha macho tunafungua madirisha, na ni sawa. Ukiichanganya na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini, hapo kimbia. Lakini vidonge vya dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, vile vya kijivu vinavyouzwa gulioni kimoja kimoja vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, havimtishi mtu. Vinatumbukizwa kwenye gunia, gunia linaegeshwa kando ya kitanda cha watoto. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi.

Tupige hesabu. Vidonge hivyo ni vya alumini fosfidi. Kimoja cha gramu 3 kikipata unyevu, hata ule uliomo ndani ya punje, kinatoa gramu 1 hivi ya fosfini, gesi yenye sumu. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, kina lita 22,500 za hewa. Gesi hiyo ikitoka yote mlango na dirisha vikiwa vimefungwa, inafika sehemu 30 hivi katika kila milioni ya hewa. Kikomo cha usalama kinachotumika sana kwa mfanyakazi wa zamu ya saa 8 ni sehemu 0.3. Yaani kidonge kimoja kinakizidi mara mia. Viwili vinavuka 50, kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari kwa uhai papo hapo. Na gunia la sandarusi halizuii gesi hii hata kidogo.

Harufu nayo si ya kutegemea. Ile ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza hutokana zaidi na uchafu uliochanganyika na gesi, na inaweza kupotea gesi ikiwa bado ipo.

Wapo wanaoniambia Dodoma ni pakavu. Ukavu unachelewesha tu: gesi inatoka polepole kwa siku nyingi zaidi, na majivu yanayobaki yakimwagiwa maji ya kudeki yanaweza kutoa iliyosalia kwa mkupuo.

Fosfini haina dawa ya kuizimua mwilini, na maziwa hayasaidii. Mtu akipata kichefuchefu, kizunguzungu au kubanwa kifua, mtoeni nje, mpelekeni hospitali, na mtaje vidonge hivyo mapema.

Kwa nyumbani mimi napendekeza mifuko ya PICS, ile ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa. Mahindi yakaushwe vizuri, mfuko ufungwe kwa kukaza, wadudu wafe kwa kukosa oksijeni. Bei yake inauma, najua, ila mfuko usiotoboka unatumika zaidi ya msimu mmoja. Vidonge ni vya ghala lisilolaliwa na watu, mikononi mwa mfukizaji aliyefunzwa.

Kama umeshaviweka na gunia liko chumbani, leo msilale nyumba hiyo. Usilifungue wala kulikokota. Acha milango na madirisha wazi, tokeni wote, kisha mpigie afisa kilimo wa kata.