Je, wajua kwa nini pikipiki ikilala miaka haiwaki tena? Na magadi ya maharage yanaingiaje hapo?

Kuna nyumba nyingi huku kwetu ukizunguka uani, pembeni ya banda la kuku, utaikuta imesimama: Honda CG125 ya mzee, au XL, au Yamaha DT ile ya watu wa miradi, turubai juu, tairi zimelala chini, na ukimuuliza mtu yeyote pale nyumbani atakwambia hiyo ilishakufa. Ilikufaje? Hamna anayejua. Ilikuwa inatembea vizuri tu, mzee akanunua gari, au mgongo ukaanza kumsumbua, ikapaki, na siku walipokuja kuipiga kiki ikagoma, wakaweka petroli mpya ikagoma, wakabadili plagi ikagoma, basi ikatangazwa imekufa na kuku wakahamia.

Sasa fikiria kidogo. Chuma kilikuwa kinafanya kazi, kikaachwa, hakuna aliyekigusa. Nani kakiharibu?

Ni petroli, maji na hewa, na karibu yote yanaanzia kwenye tangi. Injini yenyewe mara nyingi haina kosa kubwa, ndo maana mtu akianza kwa kufungua injini mi huwa nasikitika, maana anaenda kutafuta mwizi kwenye nyumba ambayo haijaibiwa.

Tuanze na petroli. Tumezoea kuiona kama kitu kimoja, kumbe ni mchanganyiko wa vitu kibao, vingine vyepesi vinaruka hewani haraka sana (ile harufu ya sheli ndo vyenyewe) na vingine vizito vinabaki. Vile vyepesi ndo vinavyowasha injini ikiwa ya baridi, kwa sababu cheche ya plagi haiwashi mafuta ya majimaji, inawasha mvuke. Pikipiki ikikaa miezi na miezi, vyepesi vinatoroka kupitia kitundu cha hewa cha mfuniko, na vilivyobaki vinakutana na oksijeni vinaanza kugeuka gundi. Utaijua tu petroli ya namna hiyo, imeshakuwa ya kahawia na inanuka vanishi.

Hiyo gundi inaenda kuganda sehemu mbaya kuliko zote, kwenye kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia injini. Ndani mle kuna jeti mbili, vipande vidogo vya shaba vyenye tundu katikati, kubwa ni ya kazi ukivuta mafuta, ndogo ni ya kuwashia na kushika silensa (injini kunguruma taratibu yenyewe bila kuvutwa mafuta). Tundu la ile ndogo kwenye hizi pikipiki za 125 halifiki hata nusu milimita! Fungua bakuli la chini la kabureta, ing'oe taratibu kwa bisibisi inayoenea vizuri, alafu inyanyue uitazame juani. Ikiwa safi utaona nukta ya mwanga ya duara kabisa. Ikiwa imeziba yote huoni kitu. Ila inayosumbua watu ni ile iliyoziba nusu, unaona mwanga lakini umekatwa upande, na hapo pikipiki inawaka ukiwa umevuta choki (ile ya kupunguza hewa ili petroli izidi), ukirudisha choki inazima, ukiachia mafuta inazima, na fundi mwenye haraka anakwambia hiyo ringi (zile pete za pistoni) zimekwisha tufungue injini. Ringi hazina habari.

Kusafisha: loweka vipande vya chuma tupu kwenye thina usiku kucha (mpira na plastiki toa kwanza, thina inavila), puliza kwa kompresa pale wanapojaza upepo, na kama bado imegoma chukua uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki uupitishe. Usiingize sindano wala waya wa chuma, shaba ni laini, tundu likipanuka hata kidogo tu pikipiki itakunywa mafuta mpaka uikimbie.

Watu wanafika hapo, kabureta inang'aa, pikipiki inawaka, wanashangilia, wiki moja mbele imeziba tena. Wanasafisha, inaziba. Sababu hawajaangalia tangi.

Chukua tochi, fungua mfuniko, chungulia. Lile tangi limekuwa likipumua miaka yote hiyo, mchana jua linapasha hewa ya ndani inatanuka inatoka, usiku inapoa inajivuta ndani hewa mpya yenye unyevu, unyevu unagusa chuma cha baridi unakuwa matone, matone yanateremka chini. Kila siku. Palipokuwa na petroli chuma kilijificha kidogo, ila pale juu penye hewa tupu kutu inakula inavyotaka, na kama uko Tanga au Lamu au Zanzibar ndo usiseme, chumvi ya bahari inaisukuma kutu mara dufu. Vumbi lile la kahawia ndo linashuka na mafuta kila ukipiga kona, linapita kwenye koki (bomba la kufungulia mafuta chini ya tangi), linakwenda kukaa kwenye jeti yako ya nusu milimita.

Mafundi wengi wanatia kokoto au nati ndani wanatikisa. Inafanya kazi kwa yale magamba makubwa, ila kwenye kona na kwenye ule mgongo wa katikati kokoto haifiki, na mikono itakufa ganzi. Wengine wanaloweka siki au maji ya limau, asidi inaiyeyusha kutu, sawa, ni njia nzuri na haihitaji umeme. Ila njia ninayoipenda mimi ni ya magadi.

Ndio, magadi, haya haya ya kulainishia maharage, yanayotoka kwenye maziwa ya bonde la ufa kama Ziwa Magadi kule Kenya na Ziwa Natron upande wetu Tanzania. Sehemu kubwa ya magadi ni kabonati na baikabonati ya sodiamu. Maji matupu yanapitisha umeme kidogo sana, ukiyatia magadi yanapitisha vizuri, na ukishakuwa na maji yanayopitisha umeme unaweza kuirudisha kutu nyuma, yani unaulazimisha umeme uende kufanya kinyume cha kile hewa na unyevu walichokuwa wakifanya miaka yote.

Inavyofanyika ni hivi. Kwanza tangi linatolewa kwenye pikipiki, linamwagwa, linaoshwa kwa maji na sabuni ya unga mara kadhaa mpaka harufu ya petroli iishe kabisa, na hapa sitanii, mvuke wa petroli na cheche ya umeme ndani ya tangi ni bomu. Toa koki, ziba tundu lake kwa kizibo cha mpira. Jaza maji pomoni, tia magadi kama kijiko cha chakula kwa kila lita nne, yawe yamekorogwa pembeni na kuchujwa kwanza maana ya sokoni yana mchanga. Sasa tafuta kipande cha nondo, kisugue kwa msasa kiwe chuma cheupe, kitumbukize kupitia mdomo wa tangi kikiwa kimeshikwa na mpira au ubao ili kisiguse tangi popote pale. Kikigusa ni shoti. Chukua chaja ya betri ya volti 12, waya wa chanya kwenye nondo, waya wa hasi kwenye tangi, sehemu iliyokwanguliwa rangi. Alafu washa.

Baada ya muda mfupi utaona vipovu vinapanda na maji yanaanza kuchafuka, juu panajaa povu la kahawia. Kwenye ukuta wa tangi kutu inapokea umeme, sehemu yake inageuka kuwa kitu cheusi laini kisichoshikilia chuma, na vipovu vya haidrojeni vinavyotokea pale pale vinaisukuma ibanduke. Nondo ndo inayolipa gharama, inaliwa na kujaa uchafu, kwa hiyo kila masaa machache zima chaja, itoe, isugue, irudishe ukiwa umeiinamisha upande mwingine, kwa sababu umeme huu unapenda njia iliyonyooka, pale nondo inapopatazama ndo panaposafishika zaidi. Tangi bovu linaweza kumaliza usiku na mchana.

Mambo ya kushika hapa ni haya, na ukiyapuuza usinitafute. Ukigeuza waya, chanya kwenye tangi, utalila tangi lako mwenyewe. Haidrojeni inalipuka, kwa hiyo fanya uani penye upepo, sio stoo, na zima chaja ukutani kabla ya kuchomoa klipu ili cheche isitokee mdomoni mwa tangi. Usitumie chumvi ya mezani badala ya magadi, chumvi inatoa gesi ya klorini, hiyo inachoma mapafu (na magadi ya asili nayo huwa na chumvi kidogo ndani yake, sababu nyingine ya kukaa nje). Usitumie kijiko au bomba la stenlesi kama nondo, ndani ya stenlesi kuna kromiamu na inatoka kwenye maji ikiwa sumu mbaya kweli. Chaja za kisasa zenye akili zinaweza kukataa kuanza kwa sababu hazijaona betri, ile ya kizamani nzito yenye mshale ndo nzuri.

Ukimaliza, mwaga, suuza, kausha haraka sana. Chuma kilichovuliwa kutu kipo uchi, kinaweza kuota kutu mpya ya njano ukiwa bado unatafuta kitambaa. Likishakauka tia petroli kidogo iliyochanganywa na oili, lizungushe mpaka kila kona ipakwe, na tangu hapo usiliache nusu, lijaze.

Ukishavuka tangi na kabureta umefanya sehemu kubwa, na kama ni CG125 una bahati. Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi ambazo watu wanaendesha bila kukumbuka sevisi, kwa hiyo badala ya cheni ya ndani ya kuendeshea valvu (vile vimlango vya kuingiza hewa na kutoa moshi) wakaweka vijiti vya kusukuma, kitu cha kizamani hata kwa wakati ule lakini hakina cheni ya kulegea wala kukatika. Wachina wakaiga sana injini hiyo, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia kubeba abiria zilikuja na injini za ukoo huo huo. Ndo sababu leo gasketi, ringi, kabureta, hata pistoni ya kitu cha miaka ya 70 unazipata kwenye duka la spea la mtaani. Beba ile ya zamani mkononi ukalinganishe kaunta, maandishi ya CG kwenye boksi sio ahadi. Ukiwa na DT au Vespa, hapo spea zitakutembeza.

Kuna ambazo kiki haishuki kabisa. Mara nyingi ni ringi zimeshikana na silinda kwa kutu nyembamba, unyevu uliingia kupitia valvu iliyokuwa imebaki wazi siku ile inapaki. Hapo kosa kubwa ni kuirukia kiki kwa miguu miwili! Toa plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili ya gia za otomatiki, iache siku kadhaa ikijipenyeza, alafu tia gia ya juu na utikise tairi la nyuma mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikisogea hata upana wa kucha, imekubali. Ila kabla ya kuiwasha izungushe plagi ikiwa nje ili dizeli yote itoke, injini haikandamizi kitu cha majimaji, itavunja.

Na umeme? Pikipiki nyingi ndogo za zamani magineti, sumaku inayozunguka na injini, inazalisha umeme wa plagi yenyewe, betri ni ya honi na indiketa, kwa hiyo betri kufa sio sababu ya kutowaka. Za mwanzo hazina CDI (kile kiboksi cha elektroniki cha kutoa cheche), zina pointi, vile vidoti viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Zikikaa zinaota ngozi ya oksidi isiyopitisha umeme, unakosa moto kabisa na kila kitu kinaonekana kizima. Msasa laini kabisa mara mbili tatu, futa kwa karatasi safi, rekebisha mwanya uwe kati ya milimita 0.3 na 0.4, angalia cheche.

Rangi ni mwisho. Najua kila mtu anataka kuanza na rangi, apige picha, ila hilo tangi likipakwa rangi mpya alafu ukaja kulitia magadi na klipu za chaja utalia. Tairi za zamani usizionee huruma hata kama kashata (yale meno ya kushika barabara) zinaonekana nzima, mpira unapasuka ndani, angalia namba nne za mwisho za ile alama ya DOT ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, na zikiwa tatu tu ujue tairi hilo ni la kabla ya 2000.

Siku ikiwaka itatoa moshi mwingi mweupe na wa bluu, usishtuke, ni ile dizeli na oili uliyomimina inaungua, ikiendelea baada ya nusu saa ndo uanze kuwaza ringi. Klachi inaweza kuwa imenata, unakamata mkono lakini pikipiki inakwenda tu, ipashe moto injini vizuri, mara nyingi inaachia yenyewe. Na oili uliyoanzia usiipende, imeshachanganyika na dizeli iliyovuja chini. Zungusha mtaa mara chache, imwage ikiwa bado ya moto, tia nyingine.