Huna Digrii, Unataka Kuhamia Nchi Jirani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Huna digrii? Basi baki kwenu." Maneno haya huwavunja moyo mafundi hodari kabla hawajasoma hata fomu moja, na ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Ukweli ni kwamba nchi jirani zikishatiliana saini mkataba wa kuhama kwa uhuru, kinachotazamwa kwanza ni uraia wako. Raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya huvuka kwenda nchi mwanachama nyingine kwa kitambulisho chake na kukaa hadi miezi 3 bila kuulizwa sana. Akipata kazi au akijiajiri anaendelea kukaa, na baada ya miaka 5 mfululizo anastahili ukaazi wa kudumu. Mhudumu wa hoteli na daktari wana haki ileile. Australia na New Zealand zina utaratibu wao tangu 1973. Huko Amerika Kusini, mkataba wa ukaazi wa Mercosur (jumuiya ya soko la nchi za huko) wa 2002, ulioanza kutumika 2009, humpa raia ukaazi wa miaka 2. Anatakiwa kuonyesha hati za utambulisho na uthibitisho kwamba hana rekodi ya jinai, basi. Cheti cha chuo hakimo.

Hata pasipo na mkataba wa namna hiyo, ufundi una njia yake. Kanada ilianzisha mwaka 2013 mpango wa mafundi stadi: waseremala, mafundi umeme, mafundi bomba, wachomeleaji. Mpango wenyewe haudai kiwango cha elimu. Unadai uzoefu wa miaka 2 ndani ya miaka 5 iliyopita, mtihani wa lugha, na ama ajira uliyoahidiwa au cheti cha ufundi cha jimbo. Tusidanganyane hapa: waombaji hushindanishwa kwa alama, na elimu huongeza alama. Asiye na digrii ana kibarua kigumu zaidi, lakini anaruhusiwa kuomba.

"Majirani ni ndugu, mpaka uko wazi." Kuvuka mpaka na kufanya kazi ng'ambo ni mambo mawili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010, lakini kila nchi iliambatisha orodha ya wafanyakazi iliowafungulia milango, na baadhi ya orodha zimeelemea wataalamu. Afrika Magharibi nako, itifaki ya ECOWAS (jumuiya ya kiuchumi ya nchi za huko) ya 1979 inatoa siku 90 bila viza. Ukitaka kukaa zaidi, unaomba kibali.

"Ingia kama mtalii, makaratasi yatafuata." Huu ndio ushauri unaoniogopesha kuliko yote. Anayefanya kazi kwa viza ya matembezi akidhulumiwa mshahara ataogopa kushtaki, kwa kuwa akifungua mdomo anajitaja mwenyewe. Akikamatwa anaweza kurudishwa kwao na kupigwa marufuku kuingia kwa miaka, na kosa hilo hubaki kwenye faili lake hata siku atakapokuja kuomba kihalali.

"Ukioa au kuolewa kule umemaliza." Hapana. Ndoa inakupa haki ya kuomba, na maombi hayo huchunguzwa.

"Kosa dogo la nyumbani halinifuati." Mmarekani aliyewahi kutiwa hatiani kwa kuendesha gari akiwa amelewa anaweza kuzuiwa kuingia Kanada. Tangu Desemba 2018 kosa hilo linahesabiwa huko kuwa jinai nzito.

Limebaki lile linalowaangusha wengi wenye sifa: "Kazi yangu itanisemea." Afisa hauoni mkono wako, anaona karatasi. Chukua barua mbili za mchomeleaji yuleyule. Ya kwanza ina mstari mmoja: "Amefanya kazi kwetu, ni mwaminifu." Ya pili inataja tarehe aliyoanza na aliyoacha, saa za kazi kwa wiki, mshahara, na kazi alizozifanya hasa: kusoma michoro, kukata mabomba, kuchomelea na kukagua viungo. Chini kuna jina, cheo, sahihi na namba ya simu ya msimamizi. Mtu ni mmoja, lakini ya kwanza haithibitishi hata mwezi mmoja wa uzoefu.

Kwa hiyo omba barua hiyo ungali kazini, wakati msimamizi wako bado yupo na karakana haijafungwa. Ukishavuka mpaka, kumtafuta mtu aliyekwisha hama kazi ili akutilie sahihi ni shughuli ya miezi.