Barua ya kurudishwa ni ipi hasa?

Lamu na Malindi, barua yoyote yenye jina geni ikionekana sandukuni huitwa "ya kurudishwa". Mtu huchukua kalamu, akaandika "rudisha kwa mtumaji" kwa herufi kubwa, akaitumbukiza bahasha kwenye tundu la kutilia barua, basi amemaliza. Mara nyingi huwa amempotezea mwenzake barua iliyokuwa imebakisha masanduku mawili tu kumfikia.

Barua ya kurudishwa ni ile ambayo anwani yake imefuatwa mpaka mwisho, na mwenyewe hakupatikana, au alipatikana akaikataa, au hakuja kuichukua. Zilizobaki zote si za kurudishwa, hata kama jina si lako.

Tatizo huanza pale watu wanaposoma jina kabla ya namba. Kwetu barua kwa kawaida haziletwi mlangoni, huishia kwenye sanduku la posta. Anayezipanga pale posta hufuata namba ya sanduku na msimbo wa mji, na jina halimwongozi sana. Kwa hiyo nawe anza na namba. Ikiwa bahasha imeandikwa S.L.P. 481 na sanduku lako ni 418, anwani haina kosa lolote. Mkono wa mpangaji ndio ulioteleza. Barua hiyo usiiandike kitu. Mpe karani wa kaunta mkononi, umwambie imetiwa katika sanduku lisilo lake. Ukiandika "rudisha", karani ataufuata mwandiko wako, na barua iliyotoka Muscat au London itaanza safari ya kurejea ilikotoka ilhali mwenyewe hupita hapo kila Ijumaa kufungua sanduku lake.

Kosa jingine, ambalo watu wa pwani hii wanapaswa kulijua vizuri, ni la msimbo. Lamu ni 80500, Malindi ni 80200. Tofauti ni tarakimu moja, na katika mwandiko wa haraka 2 na 5 hufanana. Tena namba moja ya sanduku yaweza kuwapo katika miji yote miwili. Hivyo barua ya S.L.P. 214 Malindi, ikiandikwa 80500, huweza kufika Lamu ikatua katika sanduku 214 la huko. Mwenye sanduku hilo huona namba yake, huona jina asilolijua, huhukumu kwamba mtu huyo hayupo. Soma mpaka jina la mji. Ikiwa mji ni mwingine, mwonyeshe karani kwamba msimbo na mji havipatani, naye aielekeze mbele. Kuirudisha nyuma hakusaidii, kwani mtumaji akiituma tena kwa msimbo uleule, itarudi kwako.

Sasa namba ikiwa ni yako, mji ni wako, jina tu ndilo geni, bado usikimbilie kalamu. Pwani sanduku moja hubeba watu wengi: ukoo mzima, walimu wa shule, waumini wa msikiti, wafanyakazi wa hoteli. Mvuvi wa Kizingitini anaweza kutumia sanduku la mjomba wake Lamu mjini kwa miaka bila nyinyi vijana wa nyumba kujua. Uliza wakubwa kwanza. Huenda pia ni jina la aliyelikodi sanduku kabla yako, kwa kuwa sanduku lisilolipiwa hufungwa na baadaye namba yake hupewa mtu mwingine.

Ukishauliza ukakosa, hapo ndipo barua inakuwa ya kurudishwa, na hapo sababu ina uzito. "Hajulikani", "amehama", "ameikataa", "haikuchukuliwa" na "amefariki" ni mambo matano tofauti. Malindi kuna wastaafu wengi wa Kiitaliano, na mfuko wa pensheni wa nchi yao huwatumia fomu ya kuthibitisha kwamba wako hai. Isiporejeshwa kwa wakati, malipo husimamishwa. Ukimwandikia "hajulikani" mzee aliyehamia Watamu, umemnyima mtumaji habari ya pekee ambayo ingemfaa, kwamba mtu yupo ila amehama. Ikiwa unaijua anwani yake mpya, iandike, nayo posta iipeleke huko.

Namna ya kuandika: ikate anwani ya zamani kwa mstari mmoja, uiache isomeke. Andika sababu moja na tarehe. Usifunike stempu, muhuri, msimbo wa mistari wala anwani ya mtumaji, ambayo aghalabu iko nyuma ya bahasha au pembeni juu kushoto. Kisha mpe karani mkononi. Ukiitumbukiza tu bila kuikata namba yako, mpangaji ataisoma namba hiyo na kukuletea tena.

Umeifungua kwa bahati mbaya? Usiisome zaidi. Ibandike kwa utepe, andika "imefunguliwa kwa makosa", tia tarehe na sahihi, uirejeshe kaunta. Ikiwa ni kikaratasi cha kumwita mtu achukue barua ya rejista, nacho kina jina la mwingine, usiende kutia sahihi, maana ukishatia sahihi, kumbukumbu za posta zitasema imepokewa, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Wengine huona kwamba kitu kilichofika katika sanduku unalolilipia ni chako. La. Kwa mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1964, barua hubaki mali ya mtumaji mpaka ikabidhiwe mwenye haki nayo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 nacho kinalinda usiri wa mawasiliano ya kila mtu. Barua za marehemu hali kadhalika: za benki na bima hupewa msimamizi wa mirathi, si jamaa wa kwanza kutokea.

Kwa hiyo jirani akikwambia amepata barua ya kurudishwa, mwombe kwa upole asome namba, kisha msimbo, kisha mji, ndipo afike kwenye jina. Namba, msimbo au mji, kimojawapo kikiwa si chake, barua hiyo bado inakwenda mbele, na anachotakiwa ni kuifikisha kaunta ikiwa safi.