Je, wajua kwa nini usafi wa kiwanda cha kupaka vyuma madini ya nikeli huanzia mikononi mwa mchovyaji, yule anayevitumbukiza vyuma tangini?

Wengi huamini kiwanda kisafi ni kile chenye mtambo mkubwa wa kusafisha majitaka. Sivyo. Mtambo huo hauiangamizi nikeli. Huitoa majini na kuigeuza tope lenye sumu, ambalo nalo hulipiwa kusafirishwa na kufukiwa. Yaani kiwanda kimeinunua nikeli, kimeipoteza, kisha kinalipa tena kuitupa! Uzalishaji safi huanza nyuma zaidi: nikeli imetokaje tangini?

Katika karakana ya kupaka vyuma nikeli kwa umeme, vipande hutundikwa kwenye fremu, huchovywa katika tangi la dawa, yaani maji yenye nikeli iliyoyeyushwa, kisha husuuzwa. Fremu ikiinuliwa hutoka na dawa, kama nguo iliyotolewa kwenye beseni bila kukamuliwa. Mchovyaji akiinua polepole, akaiacha ichuruzike juu ya tangi kwa sekunde 10 au zaidi, na vipande vyenye shimo vikatazama chini, dawa nyingi hurudi. Muda hutegemea umbo la kipande na uzito wa dawa. Dawa ikiwa ya moto, kukawia mno huikausha juu ya chuma na kuacha madoa.

Kusuuza nako kuna hesabu ya kustaajabisha. Ili kuzimua lita 1 ya dawa mara 1000, tangi moja huhitaji takriban lita 1000 za maji. Matangi mawili, maji yakipita kinyume na mwelekeo wa vipande, huhitaji kama lita 32. Matatu, lita 10.

Injinia huipiga hesabu hiyo ofisini, lakini kona inayotuamisha dawa huonwa na anayeinua fremu kutwa. Kampuni ya viwanda ya Marekani, 3M, ilipoanzisha mpango wake wa kuzuia uchafuzi mwaka 1975, ilitegemea miradi iliyobuniwa na wafanyakazi wenyewe.

Mambo huharibika pale mchovyaji anapolipwa kwa idadi ya vipande, maana kila sekunde ya kusubiri humkata ujira. Au mbinu hubaki kwa zamu moja, mwenyewe akihama inahama naye. Hivyo muda wa kuchuruzisha uandikwe kwenye maelekezo ya kazi, kiwekwe chuma cha kutundikia fremu juu ya tangi, na kila zamu ipime jinsi maji ya kusuuza yanavyopitisha umeme: kipimo kikipanda, dawa nyingi inatoka na fremu. Pia tangi lichujwe mara nyingi zaidi, kwa sababu dawa inayorudi hurudi na uchafu uliokuwa ukitoka nayo.