Lenzi hufanya nini? Maswali ya kila wiki kutoka chumba cha kupimia macho

Kipande cha kioo kinawezaje kunifanya nione?

Hewani, mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukiingia kwenye kioo hushuka hadi karibu 200,000. Ukiingia kwa mshazari, upande mmoja huanza kuchelewa kabla ya mwingine, basi mwanga hupinda. Ni kama gari linalotoka lami: gurudumu la kushoto likitangulia matopeni, gari zima huvutwa kushoto. Lenzi ya kusomea imetuna katikati na kuwa nyembamba ukingoni, ili kila mwale upinde kwa kiasi chake na yote ikutane mahali pamoja.

Usiniamini tu, jaribu nyumbani. Mchana, zima taa, shika miwani ya kusomea ya +3.00 (namba hiyo ni nguvu ya lenzi) kama sentimita 35 kutoka ukuta unaotazamana na dirisha, kisha isogeze mbele na nyuma polepole. Dirisha dogo litatokea ukutani, limepinduka: anga chini, maghorofa ya jirani yakining'inia kama popo. (Watoto hawachoki na mchezo huu.)

Hata ndani ya jicho picha huwa imepinduka?

Ndiyo, kichwa chini miguu juu, na ubongo ndio unaoisoma sawasawa. Wengi pia hudhani lenzi ya jicho hufanya kazi yote, kumbe karibu theluthi mbili hufanywa na konea, ule utando angavu wa mbele. Ndiyo sababu ukifumbua macho ndani ya bwawa la kuogelea unaona ukungu: maji na konea hupinda mwanga karibu sawa, kwa hiyo konea inabaki bila kazi.

Mwanangu anasoma kitabu vizuri, lakini steji ya Thika Road hatofautishi matatu ya 44 na ya 45. Amepewa miwani ya -2.50. Kwa nini namba ya kutoa?

Kwa kawaida jicho la namna hii limerefuka kidogo. Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24, na milimita moja tu ya ziada yatosha kuleta namba kama hiyo. Miale hukutana kabla ya kufika kwenye retina, kule nyuma inakopokelewa picha. Lenzi ya kutoa imebonyea katikati: hutawanya miale kidogo kabla haijaingia, ili ikutane nyuma zaidi. Ukirudia jaribio la ukutani kwa miwani yake, hutapata dirisha lolote, ni kivuli tu.

Na hapana, mama, miwani haitalegeza macho yake. Kumnyima ndiko kutamfanya akodoe ubao mwaka mzima. Mwache acheze nje mchana. Imeonekana kwamba watoto wanaokaa nje zaidi huchelewa kupata tatizo hili.

Nina miaka 46. Ujumbe wa M-Pesa nausoma kwa kunyoosha mkono. Ninunue miwani ya mchuuzi?

Lenzi ya jicho hutuna tunapotazama karibu, na kuanzia miaka 40 hivi huwa imekakamaa. Lenzi ya +2.00 hukusanya miale ya mbali kwenye nusu mita, +1.00 kwenye mita nzima. Inaongeza tu nguvu ambayo jicho limepoteza. Ya mchuuzi haitakuharibu macho. Kasoro yake ni kwamba vioo vyote viwili vina namba moja, na macho ya watu wengi hayalingani. Tena mchuuzi hapimi presha ya macho, ambayo huiba uwezo wa kuona bila maumivu. Kwa hiyo pimwa kwanza.

Ukiona miale ya ghafla kama radi, au pazia likishuka machoni, usitafute miwani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama ana mtoto wa jicho. Hakuna miwani ya kumsaidia?

Ikiwa ugonjwa huo umekomaa, hakuna. Lenzi yake mwenyewe imekuwa kama dirisha lenye mvuke. Huondolewa kwa upasuaji na kuwekwa ya plastiki, yenye nguvu iliyokokotolewa kutokana na urefu wa jicho lake na mviringo wa konea. Wa kwanza kuiweka alikuwa Harold Ridley, London, mwaka 1949, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki kutoka madirisha ya ndege za vita vilikaa machoni mwa marubani bila kuleta uvimbe. Baadaye asishangae akihitaji miwani ya kusomea: plastiki haijui kutuna.