Iyafoni zisizo na waya na masikio yetu: maswali mnayoniuliza na majibu yangu

Assalaam alaykum. Mie ni nesi, nafanya kazi hapa Unguja upande wa masikio, pua na koo, na siku hizi popote nilipo, iwe harusini au ndani ya daladala ya Bububu, mtu akishajua kazi yangu tu ananiuliza kuhusu hivi vidude vya masikioni. Nimekaa nikayaandika yale yanayorudi rudi. Nitaviita iyafoni zisizo na waya, ingawa mtaani kwetu vyote tunaviita AirPods hata kama kampuni ni nyengine kabisa.

Dada, mbona kila mtu sasa anazo, ni fasheni tu au kweli zina raha yake?

Raha ipo. Zile za waya zilikuwa zinanasa kwenye mkoba, kwenye kitasa cha mlango, unavutwa sikio mpaka unaona nyota. Mwaka 2016 Apple walitoa iPhone 7 haina tundu ya iyafoni, na mwisho wa mwaka huo huo AirPods zikaingia sokoni, kampuni nyengine zikafata, simu nyingi zikapoteza tundu na watu wakahamia blutuuthi. Sina ugomvi nazo, ninazo mwenyewe. Ninachokililia ni kuwa kitu kilichokuwa kinavaliwa nusu saa sasa kinavaliwa siku nzima, kwa sababu hakina uzito na hakikusumbui, na mtu anasahau kama anacho sikioni. Sikio lenyewe halisahau.

Zangu zinaniuma baada ya nusu saa, halafu ya kushoto inadondoka kila nikitafuna. Nimekosea wapi?

Hili swali nalipenda kwa sababu watu wanaliona dogo, la starehe tu, kumbe ndo mlango wa matatizo mengine yote.

Tundu ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2.5, imepinda kidogo, na ngozi yake ya ndani ni nyembamba, imelala karibu na mfupa, ndo mana kikikugusa kitu kigumu unasikia maumivu haraka. Na tundu zako mbili si lazima ziwe sawasawa. Nshaona watu wengi wanahangaika na sikio moja, kushoto kunataka kipira kidogo (kile kifuniko laini cha kwenye ncha ya iyafoni) na kulia kunataka cha kati, na yeye kaweka vya aina moja pande zote kwa sababu ndo vilivokuja vimevaa. Ukinunua, ndani ya boksi mara nyingi mna vipira vya ziada vidogo, vya kati na vikubwa, na wengi wetu tunavitupa na boksi lake. Usivitupe! Vijaribu vyote, kila sikio peke yake.

Namna ya kuvaa: vuta sikio lako juu na nyuma kidogo kwa mkono wa upande wa pili, tundu inanyooka, ingiza polepole halafu izungushe kidogo mpaka ikae. Usisukume kama unaziba chupa. Kisha fungua mdomo na ufunge, tikisa kichwa, tafuna kama unakula. Ikibaki na haiumi, hiyo ndo yako. Na sikiliza besi, ngoma ikisikika nzito basi kipira kimeziba vizuri, ikisikika nyembamba kama redio ya zamani basi pana mwanya.

Na mwanya ndo hatari yenyewe. Iyafoni isiyokaa vizuri inaingiza kelele za nje, za honda yaani pikipiki, za konda, za jenereta ya duka, na wewe unachofanya ni kuongeza sauti ili uzishinde zile kelele, bila ya kuhisi kama umeongeza sana. Kwa hivo mtu anayeniambia zangu hazinikai vizuri, mie moja kwa moja namuuliza anafungua sauti mpaka wapi.

Kama vipira vyote vinakuuma, tafuta vya sponji laini vinavyojaa wenyewe ndani ya sikio, au hamia zile ambazo hazina kipira, zinakaa mlangoni tu. Hizi za mlangoni ni nzuri kwa wenye masikio yenye unyevu au taka nyingi, lakini si za kuvaa kwenye kelele, kwa sababu ile ile ya kuongeza sauti. Ngozi ikiwasha na kufanya vipele pale kipira kinapogusa, huenda ngozi yako haielewani na kile kilichotengenezewa kipira, iache upumzike na ubadilishe aina.

Shoga, mie navaa chini ya ushungi kazini kutwa, jioni sikio lote linauma mpaka kwenye taya. Ni iyafoni au ushungi?

Vyote viwili kwa pamoja. Ushungi ukibana, khasa ule wa pini uliokaza, unaisukuma iyafoni ndani na kukandamiza kile kinyama kidogo kilichopo mbele ya tundu. Pia joto na jasho havina pa kutokea. Vaa iyafoni kwanza, ukishaona imekaa ndo ufunge ushungi, na upande wa masikio ulegeze. Chagua ndogo isiyo na mkia mrefu, mana ule mkia ndo unaobanwa. Na ukipata nafasi, wakati wa kutawadha kwa mfano, zitoe, kausha masikio kwa kitambaa safi, uyaache wazi kidogo kabla ya kuzirudisha. Ukizirudisha na maji ya udhu bado yamo ndani unayafungia humo humo.

Sauti nifungue mpaka wapi?

Hapa ndo nataka mnisikilize. Ndani kabisa ya sikio pana kiungo kimejikunja kama konokono, na mna vijiseli vyenye vinywele kama 15,000 hivi kwa kila sikio, tumezaliwa navyo na hatupati vyengine. Vya kuku huota upya, vya binadamu haviоti. Sauti kubwa inavilaza kama upepo wa kusi unavyolaza mpunga, vikipumzika vinainuka, vikipigwa kila siku vinakufa, na vikifa hakuna dawa ya kuvirudisha.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asikilize desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) si zaidi ya saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kuzungumza kwa kawaida ni kama desibeli 60. Na kila ukiongeza desibeli 3 tu muda unakatika nusu, 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, mpaka ukifika 100 umebaki na kama dakika 20, na hizo ni za wiki nzima sio za siku. Simu nyingi zikifunguliwa mpaka mwisho zinafika huko na kupita. Sasa fikiria kijana anayetoka Mwanakwerekwe mpaka mjini, anakwenda na kurudi, sauti mwisho.

Simu nyingi hazikuoneshi desibeli pale unapoongeza sauti, kwa hivo shika hivi: usipite asilimia 60 ya sauti, na kila saa moja zitoe upumzike. Kipimo chengine, nyoosha mkono, mtu akisimama umbali huo akazungumza nawe kwa sauti ya kawaida na humsikii, umezidisha. Wenye iPhone, ndani ya programu ya afya mna sehemu inakuandikia umesikiliza kwa desibeli ngapi wiki nzima, ifungueni muone wenyewe. Simu nyengine zinakupa onyo sauti ikizidi, na nyote mnalibonyeza lile onyo liondoke.

Zile zinazofuta kelele za nje kwa umeme zinasaidia kweli, ukiwa kwenye boti ya kwenda Dar na injini inanguruma unaweza kusikiliza kwa sauti ya chini na ukasikia vizuri. Lakini ukiwa umekaa, sio ukiwa barabarani.

Mwanangu, nimesikia blutuuthi inaleta kensa ya ubongo. Nimkataze mjukuu wangu?

Bibi, kwa hilo usikose usingizi. Blutuuthi ni mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, sawa na WiFi nyingi za majumbani, na nguvu yake ni ndogo sana, chini mno kuliko ya simu unapoiweka sikioni ukapiga. Mawimbi ya aina hii hayana nguvu ya kuvunja mbegu za uhai (DNA) ndani ya seli kama eksirei inavoweza. Ni kweli mwaka 2011 wataalamu wa kensa wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la "huenda", yaani huenda yanaleta kensa, kwa sababu ya utafiti wa simu, na kundi hilo hilo zimo mboga za achari zinazotengenezwa kiasili huko Asia. "Huenda" maana yake ushahidi ni mdogo na bado wanatazama. Mkataze sauti kubwa bibi. Hiyo hatuna shaka nayo.

Masikio yananiwasha na iyafoni zinanuka. Taka nazisafisha kila siku kwa pamba za vijiti lakini naona zinazidi.

Zinazidi kwa sababu ya hizo pamba. Nta ya sikio si uchafu, inazuia maji na vijidudu, na sikio linaitoa lenyewe polepole, hata kutafuna kunaisaidia kutoka. Ukivaa iyafoni kutwa umeziba njia yake, ukija na kijiti ndo unaisindilia ndani kabisa. Na sio pamba tu, nawajua watu wazima wanaojikuna kwa unyoya wa kuku, pini ya nywele, hata ufunguo. Wallahi nawaombeni muache. Ngozi ikichubuka kidogo tu, na hali yetu ya hewa ya joto na unyevu, khasa miezi ya kaskazi, bakteria na fangasi wanapata makaazi.

Ikiwa nta imekauka na sikio haliumi wala halitoi usaha wala ngoma yake haijawahi kutoboka, tia matone mawili matatu ya mafuta ya zeituni, asubuhi na jioni, siku chache, italainika itoke. Yawe ya kawaida, usiyachemshe. Na usitie kitunguu thomu wala maji yake, nshaona masikio yaliyoungua. Mwezi wa Ramadhani, ukiwa na wasiwasi na funga yako, tia baada ya futari na kabla ya kulala.

Kusafisha iyafoni: vuta vile vipira, vioshe kwa maji na sabuni kidogo, vikauke kabisa kabisa ndo uvirudishe. Iyafoni yenyewe usiitie majini, ifute kwa kitambaa, na pale penye wavu piga kwa brashi laini kavu huku umeigeuza uso chini ili taka zianguke. Na kile kiboksi cha chaji kifute pia, mana unatoa jasho la leo unalilaza humo na kesho unalivaa tena. Ukitoka kuogelea inamisha kichwa kila upande, kausha, subiri. Na kuazimana, ndugu zangu, kuazimana sikio ni kama kuazimana mswaki. Ikiwa lazima, badilisha vipira.

Sikio likiuma ukigusa pale mbele, likitoa maji au usaha, likivimba, acha iyafoni na nenda kituo cha afya. Mwenye sukari asingoje hata siku mbili, kwake maradhi haya ya tundu ya sikio yanaweza kuingia mpaka mfupani.

Nalala na Qurani sikioni kila usiku ndo napata utulivu. Ina ubaya?

Kusikiliza ni kheri tupu, ila iyafoni isilale nawe. Ukigeuka ubavu mto unaibana ndani ya sikio saa nzima, unaamka na maumivu. Weka spika ndogo au simu yenyewe pembeni, sauti ya chini, na utege wakati ijizime. Hata adhana ya alfajiri utaisikia.

Na kwenye honda?

Vua. Zote mbili. Usiniambie moja tu.

Mtoto wangu wa miaka miwili kachezea moja na siioni tena, nahofia kaimeza.

Ndani mna betri, na betri ikinasa kwenye koo inaunguza nyama kwa saa chache tu. Usimtapishe, usimpe chakula, usingoje choo. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na uende na ile ya pili mkononi ili wajue wanatafuta nini. Ikiwa ni kipira kimenasa ndani ya sikio, lake au lako, usikichokonoe, aliye na kifaa chake anakitoa dakika moja, na aliyekichokonoa nyumbani mara nyingi anatuletea kimeshafika kwenye ngoma.

Usiku kukiwa kimya nasikia mlio, wiiii, hauishi. Ni mkubwa baada ya siku niliyosikiliza sana. Nna miaka 22.

Mdogo wangu, huo mlio ni sikio linakwambia limepigwa. Ukitokea baada ya sauti kubwa na ukaondoka kesho yake, hilo ni onyo, pumzisha masikio siku mbili tatu, hakuna iyafoni kabisa, na ukirudi rudi na sauti ya chini. Ukidumu zaidi ya wiki, au ukiona unawaambia watu "nini?" kila mara, au televisheni unaiongeza na wenzako wanalalamika, njoo tukupime. Kipimo hakiumi, unakaa unasikiliza milio midogo na kusema umesikia.

Lakini ukiamka siku moja sikio moja limeziba ghafla, husikii upande huo, hapana mafua, hapana maumivu, usiseme ni nta itatoka yenyewe, na usikae nalo wiki ukitia mafuta. Hiyo ni dharura. Dawa yake inafaa zaidi ikianza mapema, siku za mwanzo kabisa, kwa hivo njoo siku hiyo hiyo, na ukiwa Wete au Mkoani kule Pemba au popote ulipo anza na hospitali iliyo karibu yako, ukifika tu waambie: sikio langu limezima ghafla, limeanza leo.