Lennox Lewis: wanayosema watu na yaliyotokea ulingoni

Litaje jina la Lennox Lewis mbele ya mashabiki wa ndondi huku Eastlands, Nairobi, uone ubishi unavyowaka. Ali hagusiki, Tyson ana wapenzi wake, lakini Lewis, aliyestaafu mwaka 2004 akiwa bingwa wa uzito wa juu, bado wapo wanaomnyima nafasi miongoni mwa wakubwa. Mimi nasema ni bondia mkubwa, na hoja nyingi za kumpinga hazishiki.

"Aliangushwa na mabondia wa kawaida." Aliangushwa, ndiyo. Oliver McCall alimmaliza raundi ya pili jijini London mwaka 1994, naye Hasim Rahman akamlaza raundi ya tano mwaka 2001. Pigano la Rahman lilifanyika Brakpan, Afrika Kusini, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, karibu sawa na Nairobi. Anayefanya mazoezi Kaloleni anajua jinsi mgeni aliyetoka pwani anavyohema mapema. Rahman alitangulia kwenda kuzoea hewa. Lewis alichelewa, shughuli za filamu zikiwa zimemshika, akapanda ulingoni mzito. Huo ulikuwa uzembe wake, na hapo simtetei. Ila Novemba mwaka huohuo walirudiana, akamwangusha Rahman raundi ya nne. McCall alikuwa ameshamlipiza tangu 1997. Kati ya wote aliokutana nao katika ndondi za kulipwa, hakubaki hata mmoja ambaye Lewis hakuwahi kumshinda. Wangapi wanaweza kusema hivyo?

"Tyson alikuwa ameshakwisha." Makali yalikuwa yamepungua, sawa. Lakini walipokutana Memphis Juni 2002, Tyson alikuwa na miaka 35 na Lewis 36. Aliyepigwa hadi raundi ya nane ndiye aliyekuwa mdogo.

Sare yake na Evander Holyfield, Machi 1999, hainisumbui: wengi walioitazama waliona ameibiwa, na Novemba akashinda kwa pointi.

Pigano la Vitali Klitschko mwaka 2003 ndilo gumu. Daktari alipolisimamisha baada ya raundi sita, Klitschko alikuwa akiongoza kwenye kadi za waamuzi wote watatu, 58-56. Mkato uliomponza ulitokana na ngumi halali ya Lewis, kwa hiyo ushindi ni ushindi. Lakini Lewis alistaafu bila kumpa pigano la marudiano, na anayemlaumu kwa hilo ana haki.

"Aliwakwepa wakali wa enzi zake," wakimaanisha Riddick Bowe. Hili ndilo linaloniudhi. Katika Olimpiki ya Seoul 1988, michezo ileile Robert Wangila wetu alipotwaa dhahabu ya uzani wa welter, Lewis alikuwa akiiwakilisha Kanada. Alikutana na Bowe fainali, mwamuzi akalisimamisha pigano raundi ya pili, Bowe akiwa hoi. Miaka minne baadaye Bowe ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia na Lewis ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya kumpinga. Badala ya kukutana naye, Bowe aliuchukua mkanda wa WBC, Baraza la Ndondi la Dunia, akautupa kwenye pipa la taka mbele ya waandishi wa habari. Hawakupigana tena.